Safari ya hisani kwa pikipiki, Tanga mpaka Moshi: jinsi ya kujiandaa bila kuacha raha za nyumbani

Kila ukikaribia mwezi wa sita utawasikia vijana kijiweni wakisema mwaka huu lazima tutoke na pikipiki tukapeleke msaada mahali, wanapanga wee, kahawa inaisha, kila mtu anarudi kwao na habari inaishia hapo. Nia wanayo, ila kinachowatisha ni kudhani kwamba kujiandaa ni mpaka uache kazi, uache mpira, uache kila kitu mwezi mzima kama unaenda jeshini. Mi naona ni kinyume chake. Safari ya namna hii inaiva vizuri ukiwa unaishi maisha yako ya kawaida hapahapa mjini, mana fundi unampita kila siku, cherehani iko barabara ya pili, mtu wa kutunza hela ni jirani yako, na mazoezi ya kuendesha unaweza kuyafanya ukiwa unaenda kula samaki Pangani.

Nitatumia mfano wa njia ninayoijua, Tanga kwenda Moshi, takribani kilomita 350, na lengo ni kofia na mafuta ya kujikinga na jua kwa watoto wenye ualbino. Kama wewe uko Lindi au Bukoba badilisha majina ya sehemu, mengine ni yaleyale.

1. Jua unampelekea nani, na umuulize mwenyewe anataka nini

Usinunue kitu chochote kabla ya hii hatua. Watu wanajaza viroba vya nguo na madaftari afu ndo wanaanza kutafuta wa kuwapa, matokeo yake mwalimu mkuu anapokea tu kwa adabu na stoo inajaa.

Pita kwa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, TAS, wao ndio wanajua nani yuko wapi, au piga hodi kwa afisa elimu wa halmashauri unayokwenda, ueleze mnakuja wangapi, lini, na mna uwezo gani. Kisha ongea na mwalimu anayekaa na hao watoto. Muulize swali moja tu, "mwalimu, mnakosa nini zaidi?" halafu nyamaza umsikilize. Anaweza akakwambia kofia zipo, kinachokosekana ni mashati ya mikono mirefu, au watoto hawaoni ubaoni (ualbino unagusa na macho, wengi wanaona kwa shida) kwahiyo wanahitaji miwani kuliko kitu kingine. Hapo unabadilisha mpango mapema, hujapoteza hata shilingi.

Kwa nini kofia na mafuta? Mana ngozi isiyo na rangi ya kuikinga inaungua na jua kila siku, na saratani ya ngozi ndio inayowaondoa wengi wao mapema. Mtoto anayeanza kujikinga akiwa darasa la kwanza anakuwa na maisha tofauti kabisa na yule aliyeanza akiwa na vidonda tayari. Hiyo ndo hoja utakayoitumia ukiomba mchango, ieleze hivyohivyo kwa ufupi, watu wanaelewa.

Na sababu ya kwenda Moshi ni kwamba pale hospitali ya KCMC ndipo yanapotengenezwa mafuta ya Kilisun, yametengenezwa maalum kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwahiyo badala ya kubeba chupa kutoka Tanga zikapikwa na jua njia nzima, mnafika na hela na kofia, mnaongea na wahusika kule kule. Wasilianeni nao mapema lakini, msitokee tu getini mmevaa helmeti.

2. Tarehe

Lengeni wiki ya tarehe 13 Juni. Hiyo ndio Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, Umoja wa Mataifa waliipitisha mwishoni mwa 2014 ikaanza kuadhimishwa 2015. Siku hizo watu wana masikio. Alafu kwa hali ya hewa ni pazuri, masika inakuwa imekata au inakaribia kukata, barabara imekauka, jua sio kali sana. Ila msiingie siku yenyewe ya tarehe 13 kama shule au kliniki ina shughuli zake, mtakuwa mnawasumbua, fikeni siku mbili kabla.

Maana yake maandalizi yanaangukia mwezi wa nne na wa tano, ndani ya masika. Usinung'unike. Mvua ya Tanga ndo itakayokuonyesha kama koti lako la mvua linavuja begani, kama buti linaingiza maji, na kama taa ya pikipiki inazima ikilowa. Bora ujue ukiwa Chumbageni hapa mjini kuliko ukiwa Hedaru huko njiani.

3. Hela, na hapa nitakaa kidogo

Mweka hazina asiwe mwendesha pikipiki. Tafuta mama au dada anayeshika daftari la vikoba mtaani kwenu, yule ambaye akina mama wenzie wanamwamini na mia mbili ya mtu haipotei mikononi mwake. Muombe kwa heshima, mpelekee na mkate wa kumimina, mwambie "shangazi tunaomba utushikie daftari." Line ya simu ya kupokelea michango iwe ya kazi hiyo tu, na jina linalotokea mtu akituma liwe linajulikana kwenye kundi. Kila jioni anapiga picha ukurasa wa daftari anaurusha kwenye kundi la WhatsApp. Asiyetaka jina lake lionekane anaandikwa "msamaria", kiasi kinabaki palepale.

Kitu ambacho sitanii nacho: hela ya mchango na hela ya safari ni vitu viwili. Petroli, chakula, gesti, oili, vyote vinatoka mifukoni mwenu nyie mnaosafiri. Siku mtu akisikia elfu tano yake imeingia kwenye tenki la Boxer yako, umemalizana nae yeye na ukoo wake. Kama kuna mtu anataka kuwachangia petroli mahususi, sawa, iandikwe kwenye ukurasa wa peke yake.

Nendeni serikali ya mtaa mkachukue barua ya utambulisho yenye muhuri, na muulize mwenyekiti au mtendaji kama kuna kibali kingine kinachotakiwa kwa mchango wa aina yenu. Ile barua itawasaidia na njiani.

Sasa mnachangisha wapi? Palepale mnapokaa. Baraza la kahawa jioni, wazee wakicheza bao. Jiandaeni na swali kama hili, mana litakuja tu:

"Shikamoo babu."
"Marahaba mwanangu. Nasikia mnakwenda Moshi na hayo mapikipiki. Basi si linafika siku hiyohiyo? Hela ya mafuta si mngewapa hao watoto?"

Swali la haki kabisa hilo, usilikasirikie. Jibu ni kwamba basi likipita Mombo hamna anayeuliza limebeba nini, ila pikipiki tano zenye bendera zikisimama kunywa chai, kila mtu anakuja kuuliza mnaenda wapi, na kila anayeuliza ni mtu mmoja zaidi anayeondoka anajua kwa nini mtoto wa jirani yake anahitaji kofia pana. Kama hamko tayari kusimama na kuongea na watu, basi babu yuko sahihi, tumeni hela kwa simu mkalale.

Njia nyingine ni chakula. Jumapili asubuhi akina mama wakichoma vitumbua na bajia za kutosha mkaweka meza karibu na Raskazone watu wanapotoka kuogelea, vinaisha kabla ya saa sita. Siku ya mechi ya Coastal pale Mkwakwani pia watu wana moyo, hasa Wagosi wakishinda. Wakifungwa usipitishe kopo, heshimu msiba wa watu.

4. Kofia zishonwe mtaani

Ukinunua kapelo za jumla umefanya bure. Kapelo inakinga paji la uso tu, masikio na shingo ya nyuma vinaungua kama kawaida, na hizo ndo sehemu zinazoanza kuota vidonda. Unataka kofia ya duara yenye ukingo usiopungua sentimita 7 na nusu, kama upana wa vidole vinne vya mtu mzima, ukizunguka kichwa chote.

Nenda Ngamiani kwa fundi cherehani unayemjua na uchague kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana. Kipimo chake rahisi, kinyanyue juu ukitazame kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya kirahisi kiache. Ukingo uwekewe kitambaa cha kukaza katikati usije ukalala machoni. Weka kamba ya kidevuni yenye kifundo cha kusogeza. Na rangi uliza shule, mana kofia ikiwa ya rangi ya sare mtoto anaivaa kama wenzie, ukimpa ya njano ya kung'aa anaificha kwenye begi.

Shona moja kwanza. Mvalishe mtoto wa mtaani kwenu acheze nayo siku nzima, uone kama inadondoka na kama anaivua kwa joto. Ukiridhika ndo umwambie fundi aendelee, saizi tatu, ndogo, ya kati, na ya wakubwa. Fundi nae anakuwa amepata kazi, mzunguko wa hela unabaki Tanga.

5. Pikipiki

Sio lazima pikipiki kubwa. Boxer au TVS ya kawaida, zile zile za bodaboda, inafika Moshi na kurudi kama imetunzwa, na uzuri wake spea iko kila kijiji. Anza kuishughulikia angalau wiki tatu kabla. Usimpelekee fundi jioni ya kuamkia safari, mana kitu kipya kilichofungwa leo ndo kinacholegea kesho, unatakiwa ukiendeshe mjini siku kadhaa, ukirudi unakaza tena.

Cheni: simamisha kwenye stendi kubwa, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, inyanyue na uishushe. Mchezo wa sentimita 2 mpaka 3 ni sawa kwa pikipiki nyingi za saizi hii. Sasa zungusha tairi kidogo pima tena, zungusha pima tena. Ukikuta hapa imekaza pale imelegea, hiyo cheni imechoka, usihangaike kuikaza, nunua seti nzima na sproketi zote mbili. Na ukishafunga mzigo pima upya, uzito unaikaza cheni.

Gurudumu la nyuma: shika tairi juu na chini litikise kwa ubavu, likigonga hata kidogo ni beringi. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo, zote zinatoa mlio unaofanana, inayotoa mlio mfu imelegea. La mbele fanya hivyohivyo, kisha linyanyue juu uzungushe usukani taratibu kushoto na kulia, ukihisi kama unaingia kwenye kishimo katikati, beringi za stelingi zimekwisha, na hiyo kwenye upepo wa Same itakusumbua vibaya.

Breki shuu, taa zote, indiketa, honi, saiti mira zote mbili. Plagi mpya, ya zamani uiweke akiba. Oili badilisha wiki moja kabla, na kila asubuhi ya safari uangalie kiwango injini ikiwa baridi.

Waya wa klachi: nunua mpya, usiuweke kwenye begi. Upitishe kabisa sambamba na ule unaotumika, kuanzia kwenye hendo mpaka kwenye injini, ufunge na solotepu. Ukikatika njiani unahamisha ncha mbili tu, dakika chache unaondoka, wenzio hawajamaliza hata soda.

Tairi na tyubu ndio zitakazokusimamisha kuliko kitu kingine, kwahiyo kila mwendeshaji ajue kuziba mwenyewe. Jifunzieni nyumbani, barazani, siku ambayo hamna haraka. Beba tyubu ya nyuma, 3.00-17 kwa Boxer, mana ukipata pancha ya mbele inaingia pia kwa dharura, ya mbele ikiwekwa nyuma inanyooka sana. Ukishatoa tyubu usikimbilie kuweka nyingine. Tafuta kwanza kilichotoboa, pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu, kitanasa kwenye msumari au mwiba, usipitishe kidole kitupu. Tyubu mpya ijaze upepo kidogo tu ipate umbo kabla ya kuiingiza, ikiwa bapa kabisa utaibana na chuma na kuitoboa palepale. Malizia kurudisha tairi upande wa valvu. Upepo, fuata kibandiko au kitabu cha pikipiki yako, ukiwa na mzigo tairi la nyuma linahitaji zaidi kuliko ulivyozoea mjini.

6. Mazoezi, yani raha

Mwili ndio unaosahaulika. Mtu anaendesha kutoka Makorora mpaka sokoni kila siku akadhani ana mazoezi, akifika Korogwe makalio yamekufa ganzi. Ongeza umbali kidogo kidogo, na kila umbali uupe sababu yake ya kupendeza.

Anza na Amboni, karibu tu, jioni mnaenda mnaangalia mapango mnarudi. Wiki inayofuata Muheza, msimu wa machungwa ukiwa umeanza mnarudi na kiroba, hapo tayari mnajifunza kuendesha na mzigo. Kisha Pangani, kilomita 50 na kidogo kwenda, mnafika mnakula samaki, mnakaa mtoni mnatazama kivuko, mnarudi jua likiwa limepoa. Ya mwisho iwe Korogwe kwenda na kurudi siku moja, na mzigo uleule mtakaobeba, nguo zilezile, mpangilio uleule wa msafara. Baada ya hapo pumzikeni.

Kwenye msafara msiongozane mstari mmoja kama siafu. Wa kwanza akae kulia kwa njia yenu, wa pili kushoto nyuma yake, hivyo hivyo, kila mmoja aache nafasi ya sekunde mbili kwa aliye mbele yake moja kwa moja. Mwenye uzoefu mdogo akae wa pili, nyuma ya kiongozi, na kiongozi anaenda kwa mwendo wa huyo wa pili. Wa mwisho awe fundi. Kila mtu anawajibika na taa anayoiona kwenye kioo, ikipotea anapunguza, wa mbele yake anapunguza, mpaka msafara wote unasimama wenyewe.

Katikati ya hayo yote endelea kwenda msibani, endelea kwenda harusini, kaa barazani. Mke na watoto wasianze kuichukia safari kabla haijaanza. Na bi mkubwa mwambie mapema, sio usiku wa kuamkia. Atasema maneno yake, "mwanangu hayo malori ya huko," atasema tena kesho yake, ukifika mwezi wa sita atakuwa ameshamaliza, anakufungia mahamri.

7. Makaratasi

Leseni iwe hai na ya daraja la pikipiki, kadi, bima. Nakala za vyote kwenye simu na karatasi moja ndani ya nailoni. Namba mbili za ndugu na kundi la damu zikae mfuko wa kifuani, mfuko uleule kwa kila mtu, ili mwenzako asianze kukusachi. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

8. Kufunga mzigo

Vizito chini na karibu na katikati ya pikipiki, vyepesi juu. Spana, oili na maji vikae kwenye mabegi ya pembeni, kofia ndo ziende kwenye karia kwa kuwa ni nyepesi. Zipange moja ndani ya nyingine, bunda kumi kumi, ndani ya nailoni halafu ndani ya kiroba, ukingo usikunjwe. Funga na mipira ya tyubu kuukuu, bodaboda wote wanajua, inavutika na haikati mzigo kama kamba ya katani. Tingisha kwa mkono. Pikipiki ikitingishika pamoja na mzigo umefunga vizuri, mzigo ukitingishika peke yake fungua uanze upya.

Kofia zikiwa nyingi kuliko karia msilazimishe, tumeni kwa basi kama parseli ziwasubiri Moshi, bebeni chache za kuonyesha watu njiani. Hamna aibu yoyote hapo.

9. Njia

Usiku wa kuamkia safari kula kawaida, lala mapema. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, mwanga ukiwa umeshakuwa kamili. Tanga, Muheza, Segera, jua linakuwa mgongoni, raha tupu. Segera unakata kulia, kushoto ni Chalinze. Hapo ndo mabasi na malori ya kaskazini yanaanza kuwa wenzenu wa barabara, na sheria yenu iwe moja: basi likija linaovateki uso kwa uso, mnampisha. Hata kama haki ni yenu. Shuka pembeni taratibu bila kukanyaga breki ya ghafla.

Chai Korogwe au Mombo, na hapo ndo pa kuweka bendera na kuongea na watu. Mombo kuna njia ya kupanda Lushoto, mtatamani, milima inawaita kabisa, lakini kwa mzigo na ratiba hiyo iachieni safari nyingine.

Kuanzia Mkomazi, Hedaru, Makanya mpaka Same nchi inafunguka na upepo unakuja wa ubavuni. Usibane usukani kwa hasira, legeza viwiko, banza magoti kwenye tenki, punguza mwendo. Jihadhari zaidi unapopishana na semi, kwa sekunde moja inakuzibia upepo, ikipita upepo unarudi wote kwa mpigo mmoja, na mtu aliyekuwa ameegemea upande mmoja anajikuta kwenye changarawe. Mbuzi na ng'ombe nao wapo, mmoja akivuka jua kuna wa pili. Kwenye vijiji ni 50, na matuta mengine rangi yake imeshafutika.

Petroli hesabu hivi: ukipata kilomita 40 kwa lita, kilomita 350 ni kama lita 9, tenki la Boxer linabeba lita 11 hivi, kwahiyo kwenye karatasi unafika bila kujaza. Ila mzigo na upepo vinakula. Jaza Korogwe, jaza Same, usiwe mbishi. Simameni kila baada ya saa moja na kidogo, shukeni kabisa, nyoosheni migongo, kunyweni maji hata kama huna kiu. Na nyie wenyewe funikeni mikono na shingo, itakuwa kichekesho mfike kuongelea jua mkiwa mmebabuka.

Ushauri wangu laleni Same. Najua kuna watakaosema tunafika Moshi siku hiyohiyo, kweli mnafika, lakini mnafika mchana mkali mmechoka, ofisi zinafungwa, mnamkabidhi mtu vitu mkiwa mnanuka oili. Mkilala Same, asubuhi mna kama kilomita 100 tu, Mwanga, Himo, mnaingia Moshi mapema mmeoga. Bebeni sweta, Moshi mwezi wa sita asubuhi mtu wa Tanga anaulizia blanketi.

Mwenzenu akianguka, kwanza zuieni magari kwa mbali pande zote mbili, ndo mumkimbilie. Kama anapumua vizuri msimvue helmeti wala kumnyanyua kumkalisha, subirini msaada.

10. Kukabidhi

Msiwasimamishe watoto juani kusubiri hotuba. Hili linatokea sana na ni aibu, mmekuja kuwakinga na jua mnawapanga uwanjani saa sita waimbe. Fanyeni darasani au chini ya mti wenye kivuli cha kweli, dakika chache, mwalimu aseme, TAS waseme, mmoja wenu aseme maneno mawili, basi. Kofia kila mtoto ajaribu mwenyewe achague inayomkaa.

Picha: piga kofia, piga pikipiki, piga mikono inayopokea. Sura za watoto na jina la shule visikae pamoja mtandaoni. Historia ya nchi yetu tunaijua, watu wenye ualbino wamewindwa, na picha inayoonyesha mtoto fulani yuko shule fulani sio kumbukumbu nzuri, ni taarifa umempa mtu usiyemjua. Mwalimu akikataa picha kabisa, usibembeleze.

Stakabadhi ya kila kilichonunuliwa Moshi mchukue palepale, na barua ya kupokea yenye muhuri wa shule au kliniki.

Mkirudi Tanga mtapokelewa kwa kelele, kuleni pilau la watu, lakini ndani ya wiki hiyo shangazi wa daftari aandike ukurasa wa mwisho: zimeingia ngapi, kitambaa ngapi, fundi ngapi, mafuta ya kujikinga ngapi, parseli ngapi. Jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, ukurasa upigwe picha pamoja na stakabadhi, urushwe kwenye kundi, na nakala moja ibandikwe pale barazani kwa wazee wasiokuwa na simu janja. Kama kimebaki kitu, hata ikiwa elfu tatu, andikeni elfu tatu, na mseme iko kwa nani.